Walioulizwa Wanaishije

Kwa miaka mingi upasuaji wa kupunguza unene ulipimwa kwa kilo tu. Mimi ni muuguzi hapa Göteborg, Uswidi, nahudumia watu waliopasuliwa zamani. Naithamini historia ya mji huu kwa sababu ni hapa wagonjwa walipoulizwa wanaishije, kisha wakaulizwa tena na tena miaka ilivyopita.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Mwaka 1954, Kremen na wenzake wa Minnesota, Marekani, walitangaza njia ya kuuchepusha utumbo mwembamba: sehemu kubwa iliwekwa kando, chakula kikapita bila kufyonzwa. Watu walikonda kweli. Lakini walihara mchana na usiku, wakapata mawe ya figo, viungo vikavimba, na wengine waliharibika ini wakafa. Kwa mzani, operesheni zile zilifaulu! Kufikia miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa, na wagonjwa wengi walirudishwa thieta kuunganishwa upya utumbo. Kabla ya hapo, huko Iowa, pia Marekani, daktari Edward Mason alikuwa ameona kwamba waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hupungua uzito. Mwaka 1966 yeye na Chikao Ito wakaanza kutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, njia iliyoboreshwa na inayotumika hadi leo.

Mwaka 1987 Lars Sjöström na wenzake wa hapa Göteborg wakaanzisha utafiti wa watu wanene uitwao SOS. Watu 2,010 walipasuliwa. Wengine 2,037, wanene kama wao, wakaendelea na matibabu ya kawaida. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Marianne Sullivan, na dodoso lake ndilo ninalolienzi. Je, unene wako unakusumbua ukialikwa kwa rafiki? Ukienda kula mkahawani? Ukijaribu nguo dukani? Ukiogelea mbele za watu? Ukiwa faragha na mwenzako? Majibu ya kabla ya upasuaji yalishtua. Hali ya nafsi ya watu hawa ilikuwa mbaya kuliko ya wagonjwa wa baridi yabisi, kuliko hata ya walioumia uti wa mgongo. Aliyezoea kuwaita wavivu alipaswa kuyasoma majibu hayo na kunyamaza.

Matokeo ya miaka kumi ya dodoso hilo yalitoka mwaka 2007. Mwaka wa kwanza ubora wa maisha ulipanda sana. Kisha, kilo zilipoanza kurudi, ukashuka polepole hadi mwaka wa sita, halafu ukatulia. Hata hivyo mwaka wa kumi waliopasuliwa bado waliwazidi wenzao katika afya, katika kuchangamana na watu, na sonona yao ilikuwa ndogo. Wasiwasi na hali ya nafsi kwa jumla havikutofautiana. Mchoro wa mpando na mshuko huo nimewaonyesha wengi. Mama mmoja, mwaka wa nne, alikuja akilia kwamba kilo zimemrudia na amejiharibia kwa mikono yake. Nilimwekea kidole palepale alipokuwa kwenye mstari, nikamwambia: dada, watu wengi sana wamepita hapa.

Mengine yalichukua muda zaidi kuonekana. Mwaka 2018 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba baada ya upasuaji wenye ndoa huachana zaidi, na wasio na wenzi huoa na kuolewa zaidi. Waliounganishwa kifuko na utumbo hulewa haraka, na matatizo ya pombe yaliongezeka kati yao. Visa vya kujiua navyo viliongezeka, japo idadi ni ndogo. Mwaka 2020 ikajulikana kwamba waliopasuliwa waliishi takriban miaka mitatu zaidi ya wenzao wasiopasuliwa, lakini bado pungufu ya watu wa kawaida. Kliniki inayotazama vitamini B12 na damu peke yake haiwezi kuona ndoa inayovunjika wala chupa iliyofichwa kabatini.

Wengi wa wale wa SOS walibanwa tumbo kwa pini za chuma na ukanda, njia ambayo karibu imetoweka. Sasa inayofanywa zaidi duniani ni kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba. Imeenea karne hii, na wengi waliofanyiwa hawajatimiza mwaka wa ishirini tangu wapasuliwe. Nataka nao waulizwe habari za mkahawa, za nguo na za kuogelea, wasiachiwe tu kupanda mzani na kushuka.