Mwiko na Ruhusa katika Nchi ya Chai

Mwaka 1909 A. C. Hollis, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika nchi hii ya Kenya, alichapisha kitabu juu ya mila za Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis wa Kericho na Bomet kwa lugha na kwa asili, na miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni mwiko mmoja wa chakula unaostahili kukumbukwa. Mtu aliyekunywa maziwa hakuruhusiwa kula nyama mpaka zipite saa 24. Naye aliyekula nyama hakugusa maziwa mpaka zipite saa 12, na hata hapo ilimlazimu kwanza ameze maji ya chumvi. Kwa wafugaji, ambao maziwa na nyama ndiyo riziki yao, hili halikuwa jambo jepesi. Ilimbidi mtu aijue kesho yake kabla hajaila leo yake.

Lakini mwiko huo ulikuwa na ruhusa yake. Watoto wadogo, vijana waliotoka kutahiriwa, wanawake waliojifungua karibuni, na wagonjwa, wote hao waliweza kula nyama na kunywa maziwa kwa wakati mmoja bila lawama, nao waliitwa kwa jina lao maalumu, pitorik. Msomaji wa pwani hatastaajabu, maana naye anajua kwamba mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, wakalipa baadaye wakipata wasaa. Watu wa bara na watu wa pwani, kila mmoja kwa njia yake, walitambua kwamba kanuni ya chakula isiyomtazama aliyechoka hugeuka adhabu, na kwamba mwili unaohitaji kupumzika una haki juu ya jamaa zake.

Nimepata kuketi jikoni kwa mama mmoja mzee upande wa Litein, nikamtazama akitayarisha mursik. Alikichukua kibuyu chake, ambacho Wakipsigis hukiita sotet, kilichokwisha oshwa na kukauka. Akakitia kaa jekundu la mti wa senetwet, akalisaga ndani kwa sosiot, yaani kijiti kirefu cha mtende wa mwitu kilichopondwa ncha ikawa kama brashi, mpaka kuta za kibuyu zikapakwa unga mweusi wenye harufu ya moshi mtamu. Kisha alimimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akaziba, akakiegemeza kibuyu pembeni mwa chumba. Nilipomwuliza kama kesho yatakuwa tayari, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, maziwa hayahimizwi." Nikafahamu kwamba katika nyumba ile chakula chenyewe hupewa siku zake za kutulia kabla hakijaandamana na kimyet, yaani ugali wa wimbi wa tangu zamani, mezani pa watu.

Kisha ikaja chai, na pamoja nayo ikaja hesabu nyingine ya siku. Baada ya Vita Kuu, mwaka 1919, serikali ilitenga eka 25,000 za ardhi ya Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili wajipatie maisha kwa kulima kitani. Bei ya kitani ilianguka upesi, na mradi ukavunjika. Ardhi haikurudi kwa Wakipsigis, bali katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalifika, na vilima vile vyenye mvua karibu mwaka mzima vikavikwa zulia la kijani tulionalo hata leo.

Wakipsigis wengi hawakuipenda kazi ya mashamba hayo, wakakaa na ng'ombe na mahindi yao, hivyo vibarua walitoka zaidi Gusii na nchi za Waluo na Waluhya. Kibarua alipewa tikiti ya siku 30 za kazi, akatakiwa kuzitimiza katika muda wa siku 42. Ukiitazama kwa juu juu, hesabu hiyo yaonekana kumwachia mtu siku 12 za kupumzika. Lakini siku yenyewe ilipimwa kwa kazi, na asiyeimaliza sehemu aliyopimiwa, ama kwa homa, ama kwa uchovu, siku yake haikuandikwa, ijapokuwa jasho lake lilikuwa limekwisha mwagika. Chakula nacho kilipimwa vivyo hivyo: posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa ratli 2 za unga wa mahindi kwa siku. Mtu aliyekulia katika wimbi, mboga, samaki na maziwa alijikuta amefungiwa chakula kimoja asichokichagua, na kizuizi hicho hakikuwa na mila ndani yake wala adabu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya kanuni mbili. Mwiko wa kale ulikuwa mkali, ila ulimjua pitorik. Hesabu ya tikiti haikumjua. Katika miaka ya 1930 hata watoto, ambao mila iliwatanguliza katika ruhusa, walikuwa mashambani wakichuma majani kwa vidole vyao vyepesi.

Rehema ilirudi polepole, kwa madai ya wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1963 vyama vyao viliungana kuwa chama kimoja cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo nchini, na kilichodaiwa miaka mingi katika mikataba kiliandikwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua, na siku za kuugua zenye malipo. Mzazi na mgonjwa, wale wale waliotajwa na Hollis, wamerejeshewa nafasi yao.

Lakini tangu mwaka 1964, ilipoanzishwa KTDA, yaani mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, maelfu ya jamaa za Kericho na Bomet wamekuwa na chai yao wenyewe, na mwenye shamba hana msimamizi wa kumkataza wala wa kumpa ruhusa. Jani lililochumwa halingoji. Sharti lifike kituo cha kupimia siku ile ile kabla halijaungua kikapuni, na msimu wa mvua mtu huamka gizani, akanywa kikombe cha chai yenye sukari nyingi, akarudi jioni kula ugali wa mahindi na kulala. Daktari anapomwambia apunguze sukari, apunguze chumvi, na apumzike, huyapokea maneno hayo kama hukumu ngeni. Ningependa ajue kwamba si mageni. Bibi zake walijinyima kwa saa zilizohesabiwa, wala hawakuona aibu, na mwili ulipodhoofika walimwita mtu pitorik, wakamwachia kibuyu, wakaenda kazini badala yake.