Toba na Malipo: Maungamo ya Hadharani katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Miongoni mwa desturi zilizoutambulisha Ukristo wa Afrika Mashariki katika karne ya 20, maungamo ya hadharani, yaani tendo la mwamini kusimama mbele ya wenzake na kuitaja dhambi yake waziwazi, ndiyo yaliyowashtua wengi na kuwavuta wengi pia. Desturi hiyo ilikua ndani ya Uamsho, vuguvugu la kiroho lililopata nguvu katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambalo wafuasi wake waliitwa Balokole kwa Kiganda, maana yake waliookolewa, nao Waswahili wakawaita walokole. Habari zake husimuliwa zaidi kwa upande wa furaha, hasa kwa kuutaja wimbo wa Tukutendereza Yesu ulioenea nao kila ulikofika. Hata hivyo chanzo chake kimo katika njaa, uchovu na ugomvi wa kazini, na asiyeyatazama hayo hataelewa kwa nini watu hawakuridhika kumwungamia Mungu peke yake faraghani.

Gahini iko kando ya ziwa Muhazi, na hospitali yake ilianzishwa katika miaka ya 1920, wakati Rwanda ilipokuwa chini ya utawala wa Ubelgiji. Daktari Joe Church, Mwingereza kijana, alifika huko mwaka 1928, na muda si mrefu eneo hilo likakumbwa na njaa kuu ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu wengi walikimbilia Uganda kutafuta chakula, wengine wakafia njiani, na watumishi wachache wa misheni wakalemewa na wagonjwa na wenye njaa ambao hawakuwa na uwezo wa kuwahudumia wote. Kufikia Septemba 1929 Church alikuwa amechoka mwili na roho. Alikwenda Kampala kupumzika, na huko, katika kilima cha Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye ardhi na cheo ambaye naye alikuwa na kiu ya maisha ya imani yaliyo hai kuliko yale aliyoyaona katika kanisa lililokwisha kuadhimisha miaka 50 na kuzoea heshima yake. Wawili hao walifungua Biblia na kufuatilia pamoja mafundisho yake juu ya Roho Mtakatifu. Katika nchi zilizotawaliwa kikoloni, ambako Mzungu alitazamiwa kufundisha na Mwafrika kufundishwa, kule kukaa kwao wakiwa sawa katika uhitaji lilikuwa jambo zito, na kwa sehemu kubwa ndiko kulikoipa desturi ya baadaye tabia yake.

Church aliporudi Gahini hakukuta amani. Wauguzi na wasaidizi walikuwa na manung'uniko, na kiongozi wao, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kwa Nsibambi akiwa na mashtaka dhidi ya hali ya hospitali. Nsibambi, badala ya kumpa pole, alimwonyesha kwamba mvurugo wa wodi ulikuwa na shina katika moyo wake mwenyewe, na Kinuka akarudi akiwa mtu aliyetubu, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho pamoja na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, ambaye alikuwa akifundisha shule ya misheni. Toba yake ilikuwa na uzito kwa sababu ilitukia mahali ambapo kila mtu alimjua, mbele ya watu aliofanya nao kazi kila siku.

Mwishoni mwa Desemba 1933, baada ya mkutano wa Krismasi uliofanyika hapo Gahini, watu walikusanyika kwa maombi, na ghafla mmoja akasimama kuungama, kisha mwingine, kisha wengi. Tangu hapo jambo hilo likawa desturi yenye utaratibu wake. Katika ushirika, yaani mkutano wa kawaida wa waliookoka, Maandiko yalisomwa, kisha mtu alitoa ushuhuda, akieleza alivyookoka na alivyoanguka tangu walipokutana mara ya mwisho, nao wenzake wakamjibu kwa wimbo na kumkumbatia. Msingi wao ulikuwa ile sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, inayofungamanisha kutembea katika nuru na kushirikiana wao kwa wao. Kwa fundisho hilo, dhambi iliyofichwa haikumtenga mtu na Mungu tu, bali ilimtenga na ndugu zake. Wanawake, ambao katika ibada ya kawaida hawakuwa na nafasi ya kusema, walishuhudia humo sawa na wanaume.

Hata hivyo maneno hayakutosha. Walokole walimchukulia Zakayo wa Injili ya Luka, aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, kuwa kielelezo cha toba kamili, na kwa hiyo aliyeungama wizi alitazamiwa kurudisha alichoiba. Fedha, mifugo na mali za waajiri zilirudishwa kwa wenyewe. Wamisionari nao, angalau wale waliokubali kuvunjika, yaani kuacha kujitetea mbele ya msalaba, waliungama kiburi cha rangi na hasira walizowamwagia watumishi wao. Hapa ndipo ilipokuwa nguvu ya kweli ya desturi hii: aliyekosewa alikuwepo, aliyasikia maungamo kwa masikio yake, na alipokea malipo mkononi.

Kigozi alifariki Kampala Januari 1936, siku chache kabla ya sinodi ya kanisa lake aliyokusudia kuihimiza iamke, na kifo chake kiliongeza ari. Vikundi vya wahubiri vilifika Kabete nchini Kenya mwaka 1937, vikaingia Tanganyika, na baadaye Uamsho ukavuka mipaka ya Kianglikana hadi kwa Walutheri wa Bukoba, ambako ulimlea Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Ukuaji huo haukukosa majeraha. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi wa Uamsho, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walishikilia kukusanyika alfajiri na kuhubiri dhidi ya wizi na uasherati waliosema umejaa chuoni, ingawa walikatazwa. 26 kati yao wakafukuzwa. Ujasiri wao hauna shaka, na baadhi ya waliyoyakemea yalikuwepo. Lakini kutaja dhambi ya mwingine ni tendo tofauti na kutaja ya kwako, na katika mgogoro huo tofauti hiyo ilififia, hata nuru iliyokusudiwa kumfichua mwenye kuishika ikaanza kuelekezwa kwa jirani.

Jaribu gumu zaidi lilikuja Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, vuguvugu la silaha dhidi ya utawala wa Waingereza, wakisema kwamba waliokwisha kuingia agano la damu ya Kristo hawawezi kuingia jingine, na wengi wao walikataa pia kupokea silaha za serikali; baadhi waliuawa. Watu waliozoea kusema ukweli juu yao wenyewe mbele ya majirani walikuwa wamejizoeza pia kusimama bila kujificha mbele ya wenye silaha.

Rwanda yenyewe ilionyesha kikomo cha desturi hii. Katika miaka ileile ya 1933 na 1934, watu walipokuwa wakiungama Gahini, utawala wa Ubelgiji ulikuwa ukiwaandikisha Wanyarwanda wote na kuwapa vitambulisho vilivyowataja kuwa Wahutu, Watutsi au Watwa. Katika ushirika Mhutu na Mtutsi waliweza kuungamiana chuki na dharau na kuitana ndugu kwa dhati, na upatanisho huo ulikuwa wa kweli. Lakini ushirika ulimtazama mtu mmoja na moyo wake, ukajitenga na siasa kama jambo la dunia, na haukuwa na utaratibu wa kuungama uovu ulioandikwa katika sheria, ambao hakuna aliyesimama kusema ni wake. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji walipoweka vizuizi barabarani, vitambulisho vya namna hiyo ndivyo walivyodai, katika nchi ambako Wakristo walikuwa wengi kuliko wafuasi wa dini nyingine zote, na maelfu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia.