Mamlaka na Uwajibikaji katika Mafunzo ya Kazini: Kutoka Kaiserswerth hadi London

Suala la mamlaka ya mkufunzi limekuwamo katika historia ya diakonia tangu mwanzo. Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua huko Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya mashemasi wa kike. Wanawake hao walijifunza uuguzi wodini, wakifanya kazi chini ya mamlaka ya nyumba mama. Nayo nyumba mama haikudai utii bure, kwa maana iliwajibika kumtunza shemasi katika ugonjwa na uzee wake.

Hata hivyo, utii si ustadi. Florence Nightingale, aliyekaa huko miezi mitatu mwaka 1851, aliusifu moyo wa kujitoa aliouona. Lakini katika uzee wake alikana kwamba alifundishwa uuguzi huko, akisema kuwa uuguzi wenyewe ulikuwa duni.

Mwaka 1860 shule iliyobeba jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London. Kila mwezi matroni, Bi. Wardroper, alijaza taarifa juu ya tabia na maendeleo ya kila mwanafunzi. Mfumo huo ulimpima mwanafunzi, bali haukumpima mwalimu. Nightingale alipochunguza mambo mwanzoni mwa miaka ya 1870, aligundua kwamba daktari aliyepaswa kuwafundisha alikuwa ameacha kutoa mihadhara, na kwamba wanafunzi walitumiwa zaidi kama vibarua wa wodi. Daktari huyo akabadilishwa, akawekwa mlezi wa kukaa na wanafunzi bwenini, na Nightingale mwenyewe akaanza kuwaita na kuwasikiliza. Matroni hakuondolewa, alidumu kazini hadi 1887. Mamlaka yake yalibaki, ila sasa sauti ya mwanafunzi ilipata njia ya kufika juu.

Hapa tunajifunza jambo linalotuhusu. Vikari hukaa usharikani chini ya mchungaji mlezi, ambaye taarifa yake yaweza kumfungulia au kumfungia mlango wa kubarikiwa. Mamlaka hayo ni halali, kwa kuwa washarika hawana budi kulindwa dhidi ya mtumishi asiye tayari. Lakini ni nani amwulizaye mlezi ni mara ngapi aliketi na vikari kuyapima mahubiri yake? Wakili wa Luka 16 alitakiwa kutoa hesabu kwa sababu alikabidhiwa mali isiyo yake. Vikari naye si mali ya mlezi. Basi yatupasa kumsikiliza vikari kabla hatujaipokea taarifa juu yake.