Enanga ya Karagwe: Mti, Chombo na Neno

Gitaa dogo lililoundwa kwa mbao za miti inayopandwa upya huelezwa mara nyingi kuwa ni ubunifu wa zama hizi. Hata hivyo, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 limegawanyika kuwa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, chombo kidogo cha nyuzi kilichochongwa kwa mti kina historia ndefu zaidi. Chombo hicho ni enanga.

Wasafiri Speke na Grant walifika Karagwe mwezi Novemba 1861, wakapokewa na Mukama Rumanika. Speke alipoendelea na safari, Grant alibaki nyuma kwa maradhi ya mguu, akapata wasaa wa kusikiliza muziki. Katika kitabu chake cha mwaka 1864 anaieleza enanga kuwa ni mfano wa sinia la mti lenye urefu wa inchi 22 hivi, yaani sentimita 56, ambapo gitaa la kawaida hukaribia mita moja. Uzi wake ulikuwa mmoja tu, uliopitishwa mara saba au nane kutoka ncha hadi ncha. Mmoja wa wapigaji aliowasikia alikuwa bibi kizee, na Grant alikiri kwamba sauti sita kati ya saba za chombo chake zilipangika barabara.

Neno lenyewe limesafiri kuliko umbo la chombo. Nchini Rwanda na Burundi, inanga ni chombo cha umbo hilohilo la sinia. Buganda, ennanga ni kinubi chenye shingo iliyopinda. Pamoja na tofauti hiyo ya maumbo, kote huko chombo kilihusiana na ikulu. Aidha, kwa Wahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe, enanga si chombo tu, bali pia ni utenzi unaoimbwa nacho. M. M. Mulokozi alionyesha jambo hili katika makala yake ya mwaka 1983 na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, alipotetea kuwa manju wa enanga ni watunzi wa tendi. Hivyo basi, anayeifasiri enanga kwa neno "gitaa" huhifadhi nyuzi na kuutupa utenzi.

Tatizo la pili ni la kimofolojia. Maneno ya lugha za Kagera yanapoingia katika Kiswahili, aghalabu hupoteza irabu tangulizi. Kwa kanuni hiyo, enanga huwa "nanga", na hapo hugongana na nanga ya mabaharia, neno linalonasibishwa na langar la Kiajemi. Msomaji wa pwani akisoma kuwa fulani "alipiga nanga" ataona chuma kikizama majini. Kwa sababu hiyo, inafaa irabu ibakizwe: enanga hii, enanga hizi, katika ngeli ya I-ZI.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchini Tanganyika, na manju wakapoteza mlezi wao mkuu, yaani ikulu. Gitaa, ambalo halikuwa na haja ya mlezi huyo, lilikuwa limekwisha kuenea katika miji ya Afrika Mashariki.

Mti, kwa upande wake, umepata watetezi. Katika wilaya hizo mbili, mradi wa Emiti Nibwo Bulora, maana yake "miti ndiyo uhai", ulioendeshwa na shirika la Vi Agroforestry, uliwawezesha wakulima wadogo kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti ya mashamba yao, ukiwemo ule ambao Wahaya huuita muhumula (Maesopsis eminii). Mti ukishapandwa huweza kutoa mbao za chombo chochote. Lakini hakuna mche unaoweza kuotesha tena utenzi uliosahauliwa, wala neno lililokosa mahali katika kamusi.

Msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza uliochapishwa na J. M. Rugemalira mwaka 2002 ulifungua njia. Hatua inayofuata ni ya wanaleksikografia wa Kiswahili: kuipokea enanga kwa jina lake, pamoja na maana zake zote mbili, chombo na utenzi, kabla wapigaji wanaozijua hawajatoweka.