Kamera ya kioo au isiyo na kioo?

MPIGA picha anayetaka kuacha kamera ya DSLR na kununua isiyo na kioo hana budi kupima faida na hasara kabla ya kutoa pesa. Nikon D850 ya mwaka 2017 na Nikon Z7 ya mwaka 2018 ni mfano mwafaka, kwani zote hupiga picha za megapikseli 45.7.

Ndani ya D850 mna kioo kinachoelekeza mwanga kwenye kidirisha cha kutazamia, nacho huinuka picha inapopigwa. Katika Z7, mpiga picha hutazama skrini ndogo inayomwonyesha mapema iwapo picha itakuwa na giza.

Kukosa kioo kumeipunguzia Z7 uzani: ina gramu 675 pamoja na betri na kadi, ilhali D850 ina gramu 1,005. Aidha, Z7 yenyewe hutuliza mtikisiko wa mkono, kazi ambayo D850 huiachia lenzi.

Hata hivyo, skrini hula umeme. Kwa vipimo rasmi, betri ya D850 hutosha picha 1,840. Ya Z7, picha 330. Isitoshe, D850 hubeba kadi mbili, hivyo moja ikiharibika nakala husalia. Z7 hubeba moja tu, kasoro iliyorekebishwa katika Z7 II mwaka 2020. Kwa mpiga picha za arusi, shughuli isiyorudiwa, hilo si jambo dogo.

Lenzi za zamani hutumika kwenye Z7 kupitia kiunganishi cha FTZ, ila zile zinazotegemea mota ya kamera hulengwa kwa mkono. Mwenye nyingi za aina hiyo ni heri abaki na D850.