Rangi ya kupuliza, thina na cheche isiyoonekana: jinsi ya kumlinda mtoto

Mama au mlezi, kama unaishi Nachingwea au Ruangwa, huenda unaijua gereji isiyo na ukuta: chini ya mwembe, hatua chache kutoka jikoni. Fundi anapuliza rangi kwenye bampa ya plastiki au bodi ya gari ya faiba, na watoto wamesimama wanatazama. Wengi wetu tunaogopa sigara na kiberiti tu, lakini mvuke wa thina unaweza kuwaka bila hivyo vyote.

Umeme tuli ni nini?

Ni chaji ya umeme inayojikusanya vitu vinaposuguana. Kama umewahi kuvua nguo ya nailoni gizani ukasikia inatatarika na kuona vimulimuli, basi umeuona. Kwenye chuma, chaji ikipata njia hushuka ardhini. Faiba na plastiki hazipitishi umeme, hivyo chaji hubaki juu yake. Fundi akifuta kwa kitambaa kikavu ili kutoa vumbi, anaiongeza, ndiyo maana vumbi linarudi kunata palepale. Miezi ya kiangazi, hewa inapokuwa kavu, hali huwa mbaya zaidi.

Mvuke wa thina na wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautapandi juu ukaisha. Unatambaa chini, kuelekea jiko la mkaa na mkeka aliolala mtoto. Cheche ndogo ambayo hata kidole hakiisikii inaweza kuuwasha.

Zungumza na fundi

Usione haya, kwa sababu hata kazi yake itatoka safi. Amwagie maji sakafu kabla ya kuanza, mbali na nyaya za umeme na kompresa. Faiba aifute kwa kitambaa chenye unyevu, aiache ikauke yenyewe. Fremu ya chuma aiunganishe kwa waya na chuma kilichopigiliwa ardhini. Waya huo hautoi chaji iliyo kwenye faiba yenyewe, ndiyo maana kitambaa chenye unyevu bado kinahitajika. Avae nguo za pamba, si trakisuti ya nailoni. Thina aimimine taratibu kutoka chombo cha chuma, akiwa ameshika chuma kwanza. Na apulizie mahali penye upepo, akiwa na barakoa inayochuja mvuke. Ile ya kitambaa haizuii.

Kwa upande wako, zima jiko na uwaondoe watoto kabla kazi haijaanza, wasirudi mpaka harufu iishe. Mjamzito na mwenye pumu wakae mbali kabisa. Nguo za fundi zenye rangi zifuliwe peke yake, na vumbi la msasa wa faiba usilikung'ute ndani, linawasha ngozi na macho.

Thina isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Ikiingia kwenye mapafu inaharibu zaidi. Mkimbize kituo cha afya na chupa hiyo mkononi.

Moto ukishika nguo

Mlaze chini, mviringishe, mfunike kwa blanketi au kitenge kizito cha pamba. Moto ukizimika, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida kwa dakika 20, huku mwili mwingine umefunikwa asipate baridi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta ya taa, hata kama jirani anasisitiza. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Funika kwa kitambaa safi, kisha nenda.

Piga 114, namba ya Zimamoto, lakini usisubiri gari lao kama una usafiri. Kidonda cha usoni, mikononi, sehemu za siri au kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe kinahitaji hospitali siku hiyohiyo. Mtoto aliyevuta moshi na kuanza kukohoa au kukoroma naye apelekwe mara moja, hata kama ngozi haina alama.