Fidia ya Wafanyakazi wa Reli (Marekani)
Mfanyakazi wa reli nchini Marekani akiumia kazini hudai fidia chini ya Sheria ya Shirikisho ya Dhima ya Waajiri, maarufu kama FELA, iliyopitishwa mwaka 1908 baada ya Mahakama ya Juu kuibatilisha ile ya 1906. Mpango wa kawaida wa fidia, unaolipa bila kuuliza nani mkosaji, haumhusu. Yeye hushtaki, katika mahakama ya jimbo au ya shirikisho, na lazima athibitishe uzembe wa kampuni. Mzigo huo ni mwepesi kuliko unavyosikika: katika kesi ya Rogers dhidi ya Missouri Pacific (1957), iliamuliwa kuwa yatosha uzembe uwe umechangia jeraha hata kwa kiasi kidogo kabisa. Mdai mwenye kosa hupunguziwa malipo kwa kadiri ya kosa lake, isipokuwa pale kampuni ilipovunja sheria ya usalama na uvunjaji huo ukachangia ajali. Anayeshinda hulipwa hata kwa maumivu aliyopata. Muda wa kushtaki ni miaka 3. Kwa maradhi ya polepole, kama yale ya vumbi la asbesto, huhesabiwa tangu mgonjwa alipojua, au alipopaswa kujua, ugonjwa na chanzo chake.